Konokono wa Mirihi Ana Mwenyewe

Mwenyekiti alimwibia dada yangu konokono mchana kweupe, na hadi leo nikipita mbele ya duka lake la misumari na rangi simsalimii.

Konokono mwenyewe alikuwa kwenye sayari ya Mirihi. Kile kigari kinachotambaa kwenye sayari ile hupiga picha za mawe, picha zinaachwa wazi kwa kila mwenye simu, na wapo watu wanaozikagua jiwe kwa jiwe wakitafuta visukuku, yaani viumbe wa kale waliogeuka mawe. Dada alikuwa mmoja wao. Kwenye kundi lao la simu, ambalo Mwenyekiti ndiye mkuu wake, alijiita Mkasi, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya mdomo wake. Mimi ni mdogo wake, kazi yangu ni kupiga pasi anachoshona, na mambo yao niliyaona upuuzi mtupu. Mtu mzima anaacha pindo nusu, anakwenda kutafuta samaki kwenye jangwa la mbinguni.

Lakini asubuhi aliyompata, amejikunja vizuri juu ya jiwe jekundu, dada alisahau hata kunifokea, na kwake yeye hilo si jambo dogo. Akamzungushia duara, akamtuma kundini. Kufika jioni picha ilikuwa imesambaa kila mahali, na chini yake imeandikwa: Ugunduzi wa Mwenyekiti.

Damu ilimchemka, na alikuwa na haki. Dada anashona magauni ya harusi. Anakata yeye, anaunganisha yeye, shanga anatia yeye hadi macho yanamtoka machozi, halafu ndani ya kola inawekwa lebo ya mwenye duka la magauni, mtu asiyejua hata kutunga uzi. Na lebo hiyo anaishona dada mwenyewe, kwa mkono wake. Bibi harusi anapigiwa vigelegele, mwenye duka anamwagiwa sifa, dada anabaki na maumivu ya mgongo. Konokono alikuwa kitu chake cha kwanza kisicho na lebo ya mtu.

Akaenda kwa Mwenyekiti tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Nikamfuata, maana ugomvi wa namna hiyo sikosi.

"Mkasi, dada yangu," Mwenyekiti akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, "kundi letu ni moja. Chako ni changu, changu ni chako."

"Sawa. Basi na hii misumari ni yangu," dada akasema, akaanza kujaza mkoba.

Wateja wakacheka. Mwenyekiti akaona duka linageuka uwanja wa mchezo, akasalimu amri: Jumamosi ukumbini, kundi litakapomwonyesha konokono mbele ya wageni na mtangazaji wa redio, dada ndiye atakayesimama kumweleza.

Jumamosi asubuhi alikuwa akijizoeza hotuba kwenye meza ya kukatia. Simu ameilaza mbele yake, mimi nimesimama upande wa pili na pasi yangu. Kwa mara ya kwanza nikaitupia jicho ile picha.

"Mbona ni shimo?"

"Shimo gani?"

"Huyo konokono wako. Huku kwangu ni shimo."

Akazunguka meza, akaja kusimama nilipo. Ndipo nilipojua upumbavu wao. Walikuwa na desturi ya kugeuza kila picha juu chini kabla ya kuikagua, eti macho yasizoee. Ukiigeuza, vivuli navyo vinageuka, na kilichozama kinaonekana kimevimba. Upepo ulikuwa umelichimba jiwe mzunguko mzunguko, basi. Hapakuwa na konokono.

Dada akaketi kwenye kiti cha cherehani. Nilimwonea uchungu nikataka kuvunja kitu.

"Mpigie Mwenyekiti," nikamwambia. "Mwambie umemwachia, asimame yeye. Aumbuke yeye."

"Wewe piga pasi."

Ukumbini dada mwenyewe aliweka picha ukutani vilevile walivyoizoea. Konokono akapendeza, watu wakapiga makofi. Kisha akaigeuza.

"Ni shimo," akasema. "Niliitazama juu chini."

Kicheko kilianzia viti vya nyuma. Mtangazaji akazima kinasa sauti chake. Mwenyekiti akasimama haraka, tabasamu hadi masikioni.

"Ndugu wageni, hapa tumekosea sote. Hili ni kosa la kundi zima."

Nikadhani dada atashukuru kupata pa kujificha. Akamgeukia.

"Kaa chini. Konokono alikuwa wako peke yako. Leo amekuwa shimo, limekuwa letu sote? Hili silitoi. Ni langu."

Mwenyekiti akakaa. Dada akamtazama mtangazaji.

"Washa hicho kidude, kaka. Sema aliyeliona ni Mkasi, fundi wa magauni ya harusi, na aliyekosea ni yeye huyohuyo."

Mtangazaji akawasha.