Chupa Nzuri Niliivaa Mimi

Nimemuua rafiki yangu. Naanza na hilo, kwa sababu nikianza kwa kuzunguka nitazunguka mpaka karatasi iishe. Watu wa Likasi walisema Ngoie aliuawa na maji, nami nilisimama kaburini nikaitikia pamoja nao. Maji hayakumuua. Mimi ndiye niliyemuua.

Wewe unayesoma hunijui, ndiyo maana naweza kukuambia. Padri anaijua sauti yangu. Mke wangu amelala nami kitanda kimoja miaka yote hii na hajui.

Ilikuwa miaka ya sabini, wakati kampuni ya migodi ilipokuwa baba na mama wa kila mtu. Tulikuwa wapiga mbizi wa kampuni. Unacheka? Wapiga mbizi mbali na bahari hivi! Lakini kwenye bwawa la umeme majani na magogo huziba vyuma vya kuchujia maji, na lazima mtu ashuke ayatoe kwa mikono. Ngoie na Kazadi ndio walioshuka. Mimi kazi yangu hasa ilikuwa depo: nguo za mpira, chupa za hewa, na kompresa ya kuzijaza. Ufunguo wa depo ulikaa mfukoni mwangu.

Bosi wetu wa zamani, Mzungu, alipoondoka aliacha gazeti lenye picha za miamba ya baharini na samaki wa kila rangi. Ngoie alizikata akazibandika ndani ya mlango wa kabati lake. Hakuwahi kuiona bahari, wala sisi. Akasema basi tutajitafutia ya kwetu.

Upande wa Kamatanda kulikuwa na shimo la mgodi lililoachwa likajaa maji. Wakati wa mvua ni tope tupu. Lakini mwezi wa sita na wa saba, baridi ikikaza, tope hutulia chini na maji yanakuwa safi. Unaziona kuta za mawe ya shaba, kijani kama kisamvu, zikishuka mpaka macho yanapokoma. Jumapili baada ya misa tulikwenda watatu, kwa siri, na vifaa vya kampuni. Wawili walishuka, mmoja alibaki juu na kamba. Tulitoka tunatetemeka, meno yanagongana, tunawasha moto na kula viazi vitamu ambavyo mke wa Ngoie alimfungia mumewe, akidhani anakwenda kuvua samaki. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, kabla wala baada.

Sasa sikiliza kosa langu.

Kompresa huwashwa nje, penye upepo, na mpira wake wa kuvuta hewa huwekwa mbali na injini. Injini inatoa moshi, na chochote kinachovutwa na ule mpira kinaingia kwenye chupa. Mimi ndiye niliyewafundisha wengine sheria hiyo. Mimi!

Jumapili ile kulikuwa na chupa moja niliyokuwa nimeijaza Ijumaa, nje, kama inavyotakiwa. Ya pili ilikuwa tupu. Nikaenda depo kabla ya misa. Upepo ulikuwa unauma, na mlinzi angeweza kusikia mlio. Nikaingiza kompresa ndani, nikafunga milango, nikaijaza humo humo. Nilipomaliza kichwa kilikuwa kinanigonga na macho yanatoka machozi. Nilijua. Usinikubalie hata kidogo nikija kukuambia sikujua.

Ningesema tu: jamani, leo ashuke mmoja. Maneno machache hayo. Lakini ningelazimika kueleza kwa nini, mimi mwalimu wa sheria, na tulikuwa tumeingoja siku hiyo wiki mbili. Nikajiambia moshi kidogo haumuui mtu mzima.

Halafu tulipofika shimoni, nikaivaa ile chupa ya Ijumaa. Miaka mingi nimejidanganya kwamba niliichukua bila kufikiri. Ni uongo. Nilizitazama zote mbili, nikachagua.

Ngoie alionja hewa yake, akautoa mpira mdomoni.

“Hii hewa iko na harufu ya moshi,” akasema. “Weye unasikia?”

“Haina moshi, ni mupira mupya tu,” nikamjibu. “Sema unaogopa baridi.”

Akacheka. “Minye niogope baridi? Twende.”

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho hapa duniani. Nilimtania mtu mpaka akaingia kaburini mwake.

Tulishuka kando ya ukuta. Mwanzoni alikuwa ananionyesha mawe kwa kidole, kama mtu anayekutembeza nyumbani kwake. Kisha akatulia. Nilidhani anaangalia kitu. Akauachia mpira wa hewa utoke mdomoni taratibu, hakupigana, hakunishika, akaanza kuzama. Nilimfuata. Namshukuru Mungu kwamba angalau nilimfuata, ingawa sijui Mungu ana haja gani na shukrani yangu. Nikamfunga kamba, Kazadi akavuta. Tulimkandamiza kifua mpaka mikono ikaisha nguvu. Midomo yake ilikuwa myekundu, yenye afya, ingawa mwili ulikuwa wa baridi. Kazadi alistaajabu. Mimi sikustaajabu, maana nilijua midomo ya aliyevuta moshi wa injini huwaje.

Jumatatu mkuu wa idara akatuita. Aliuliza jambo moja tu, nani alifungua depo. Kuusema ukweli kungekuwa kufukuzwa kazi, na pengine kulala gereza la Buluo. Nikasema Ngoie aliniibia ufunguo kwa ujanja, akachukua vifaa, sisi tulikwenda kumzuia tukamkuta ndani ya maji. Kazadi aliinamisha kichwa akakubali, kwa sababu naye alikuwa na watoto. Ya chupa hakuyajua. Amekwisha kufa, naye alikufa akiamini kosa letu lilikuwa uongo tu.

Basi Ngoie akawa mwizi. Mwizi hapewi jeneza la karakana ya kampuni wala gari la kumbeba. Mkewe alikuwa na watoto wawili na mimba ya miezi mitano. Walimpa wiki mbili ahame nyumba ya kampuni pale Shituru, na kadi ya posho wakaichukua. Nyumba ile ilikuwa na maua mlangoni, aliyapanda mwenyewe. Wiki ya tatu nilipita pale nikakuta mama mwingine anayamwagilia.

Kabla ya kuondoka kwenda kwa kaka yake, mke wa Ngoie alikuja kwangu. Nilipomwona mlangoni nilijua amejua. Nikahisi kama nafuu.

Alipiga magoti. Nikamwambia asimame, akakataa.

“Shemeji, benye kazi banasema bwana yangu ni mwizi. Minye sitaki kujua,” akasema. “Weye njo uliingia mu mayi ya baridi kumutoa. Bila weye ningezika nguo. Huyu mutoto, kama ni mwanaume, nitamupa jina yako.”

Mdomo wangu ulifunguka. Nakuapia ulifunguka. Nikasema: asante.

Akazaa mwanamume. Akampa jina langu, lile la babu yangu, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa na serikali. Mwana wa Ngoie ni somo wangu.

Sasa ana miaka kumi na tisa. Kila sikukuu anakuja na unga wa mama yake, ananipa mkono kwa mikono miwili, ananiita “majina”, kama watu wa huku wanavyomwita somo wao. Kampuni yenyewe inakufa, mishahara haionekani, na watoto wangu wamekwenda Lubumbashi hawaandiki. Ni yeye aliyepanda juu ya bati langu mvua zilipoanza akaziba matundu. Alipokuwa anashuka ngazi nilisema moyoni, leo namwambia. Akapangusa mikono akaniambia mama yake anamhimiza kila siku afanane na mimi.

Nikamkaribisha chai.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ni huyu, anakunywa chai mezani kwangu. Nikimwambia ukweli, namuua baba yake mara ya pili, safari hii mbele ya macho yake, na mama yake ambaye sasa anazeeka atajua alimpigia nani magoti. Nisipomwambia, nabaki kama nilivyo. Sioni njia, na sikuandikii ili unionyeshe.

Naandika kwa ajili yako wewe mwenye kazi ya kuwaandalia wengine: hewa, dawa, kamba, chakula, chochote kile. Ukiwa na shaka, sema. Sema ukiaibika, sema siku iharibike. Na kama shaka huwezi kuisema, basi kile kibaya kitumie wewe mwenyewe.

Utauliza kwa nini sikuweka jina langu hapa chini. Woga wa gerezani ulikwisha zamani. Ni kwamba jina hilo si langu peke yangu. Kuna kijana mmoja hapa Likasi anatembea nalo akiwa ameinua kichwa.