Nilivyomfuta Marwa

Nikiwa na miaka kumi nilimfuta mtu kwa kipande cha ndala. Hilo ndilo kosa langu kubwa la kwanza, na nalitaja mapema ili usije ukadhani anayekusimulia haya ni mtu aliyejipanga vizuri.

Wiki iliyopita nilikuwa Bomani, mjini Tarime, namwandikia bango mama mmoja anayeuza uji wa wimbi na chapati. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuiga herufi za kwenye magunia ya unga na madebe ya mafuta, na kwa kuwa sikuwa na mwalimu wa kuniambia "hapo inatosha", mpaka leo huwa sijui vizuri inatosha wapi. Mistari yangu ya penseli ilikuwa inaonekana pembeni mwa rangi, na kifutio kilikuwa kimepotea. Nikaokota ndala iliyokatika kamba, nikakata kipande, nikakilowesha kwa mate na kuanza kusugua. Ile harufu ya mpira uliopata moto ikanipanda puani. Mikono ikasimama.

"Vipi fundi, umeumia?" mwenye bango akaniuliza.

Nikasema hapana. Lakini moyo ulikuwa unanienda mbio kama wa mtu aliyeitwa jina lake katikati ya umati.

Nyumbani kwetu, nje kidogo ya Nkende, tulikuwa Bibi, mama na mimi. Na Marwa. Marwa alikuwa baba yangu, mtoto wa Bibi. Sikuwahi kumwona, lakini hapakupita siku bila kutajwa. Nilipomwaga maziwa asubuhi, Bibi alisema, "Marwa hamwagi." Nilipomfunga ndama ovyo akachoropoka na kwenda kunyonya, Bibi alisema, "Marwa akifunga, ndama anatulia." Hakuwa anagomba. Alisema taratibu tu, huku anaendelea kukamua, kama mtu anayetaja kwamba leo kuna ukungu.

Mtoto mwingine angezoea. Mimi nilishika kila neno. Nilikuwa nakunja kamba ya ng'ombe mara tatu mpaka duara lipendeze. Nilirudi nyuma kuangalia kama nimefunga zizi, nikafika njiani, nikarudi tena kuangalia kama niliangalia. Tumbo liliniuma kila nikishika kibuyu cha maziwa, na kwa sababu ya tumbo mkono ukatetemeka, na kwa sababu ya mkono maziwa yakamwagika. "Marwa hamwagi," Bibi akasema.

Hakuna aliyeniambia Marwa yuko wapi. Kenya nilimpeleka mwenyewe. Baba za wenzangu kadhaa walikuwa wamevuka mpaka wa Sirari kutafuta kazi, na walikuwa wakirudi Desemba na mikate mirefu na Kiingereza kidogo, kwa hiyo nikaona hata wangu yuko huko, anaendesha lori. Kwa nini harudi? Hilo nalo nilijijibu mwenyewe. Harudi kwa sababu mimi bado sijawa sawa. Siku nitakayomaliza kuanzia asubuhi hadi jioni bila kosa hata moja, nitasikia lori barabarani. Sikumwambia mtu mpango huo. Nakwambia wewe.

Tulipokuwa darasa la nne alikuja mwalimu mpya wa Kiswahili kutoka mkoa wa mbali, dada mpole aliyekuwa akijifunika khanga kwa baridi ya kwetu. Akatuambia tuandike insha kuhusu baba, na insha bora itasomwa mbele ya wazazi siku ya kikao. Nilisikia kitu kikipasuka kifuani kwa furaha. Nilijua mambo ya baba kuliko mtoto yeyote darasani.

Niliandika insha hiyo siku nne. Kila neno lililopinda nililifuta, na kila nilipofuta karatasi ikawa nyembamba, mwishoni ikatoboka nikaanza upya. Kifutio kiliisha siku ya pili. Kwetu watoto wote walijua dawa yake: kipande cha ndala na mate. Ndala zangu zilikuwa zimeisha unyayo. Nikachukua za Bibi, zile za bluu alizoziweka kwa ajili ya kanisani, nikakata kisigino cha mguu wa kulia kwa wembe.

Bibi alipoiona ile ndala aliigeuzageuza mkononi.

"Panya wa nyumba hii sasa wanakula mpira," akasema. "Na mahindi yote haya!"

Akatega mtego, akaweka dagaa. Nilitazama ule mtego nikajua kabisa Marwa angekiri. Mimi nikanyamaza.

Siku ya kikao wazazi walikaa kwenye madawati yaliyotolewa nje, kwenye kivuli cha ukuta wa madarasa. Bibi alikuwa mstari wa mbele na ndala yake yenye pengo. Insha yangu ilikuwa imeshinda. Nikaitwa. Karatasi ilinuka mpira bado. Nikasoma kwa sauti niliyokuwa nimeifanyia mazoezi machungani:

"Baba yangu anaitwa Marwa. Baba yangu hamwagi maziwa. Baba yangu hasahau kufunga zizi. Baba yangu hajawahi kukosea tangu azaliwe."

Nikasikia mtu anacheka. Alikuwa jirani yetu Wambura, mtu wa utani, anayeweza kuchekesha hata msibani.

"Mwalimu," akasema, "huyo Marwa na mimi naomba nimwone. Miaka yote hii tumepakana mashamba, hajawahi hata kunipungia mkono!"

Wazazi wakacheka. Mwalimu akatabasamu bila kuelewa. "Kwani baba yake hayupo nyumbani?"

"Nyumbani hayupo, Kenya hayupo," akajibu mama mmoja wa nyuma, bila ubaya wowote, kama anayemsaidia mgeni kujua njia. "Huyo hakuzaliwa, mwalimu. Bibi yake hakupata mtoto wa kiume."

Nimejaribu mara nyingi kueleza nilichosikia mwilini wakati ule. Masikio yalijaa sauti kama ya mvua juu ya bati, na jua lilikuwa linawaka. Nilitazama nyuso za wazazi, nikitafuta hata mmoja aliyeshtuka kama mimi. Hapakuwa na hata mmoja. Walikuwa wanajua. Wote, hadi watoto waliokuwa wanachungulia madirishani.

Bibi akasimama.

"Wambura."

"Naam, mama."

"Nilipoleta mke nyumbani kwangu, nyama ulikula, hukula?"

"Nilikula, mama."

"Ulipokuwa unatafuna, uliniuliza bwana harusi yuko wapi?"

Wambura akatazama viatu vyake.

"Basi kaa." Akanigeukia mimi. "Endelea kusoma, mura."

Mura ni jina tunalowaita vijana wa kiume kwetu, na Bibi alikuwa hajawahi kuniita hivyo mbele za watu. Lakini sikuweza kuendelea. Nilikunja karatasi nikaondoka mbele ya wazazi wote, na nilitembea, sikukimbia, kwa sababu hata wakati huo niliogopa kukimbia vibaya.

Bibi alinifikia njiani, kwenye mawe makubwa karibu na kwetu, ndala ikimpiga kisigino kitupu.

"Marwa yuko wapi?" nikamuuliza.

"Hayupo."

"Atakuja lini?"

"Haji. Hajawahi kuwepo. Nilidhani unajua."

"Sasa mbona ulisema hakosei?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemuuliza kwa nini maji yanalowesha.

"Angekosea lini?" akasema. "Alipata wapi muda?"

Jambo lenyewe kwa Wakurya ni la kawaida, na ndiyo maana hakuna aliyefikiria kuniambia. Tunaliita nyumba ntobhu. Mwanamke asiyepata mtoto wa kiume anatoa ng'ombe na kuoa msichana, na watoto wa msichana huyo wanakuwa wa nyumba yake. Bibi alikuwa na mabinti, wakaolewa mbali, na kwa ng'ombe wa mahari yao akamwoa mama yangu awe mkwe wake, mke wa mtoto wa kiume ambaye hakuwahi kumzaa. Mtoto huyo Bibi alikuwa amempa jina tangu ujana wake. Kwa hiyo nilikuwa nashindana na mtu ambaye hakuwahi kushika kibuyu. Nilikuwa nimeumwa tumbo miaka yote hiyo kwa sababu yake.

Mchana ule nilitoa madaftari yote. Juu ya kila moja palikuwa na jina langu, Mwita Marwa. Nikachukua kile kipande cha bluu nikafuta Marwa. Nilisugua mpaka karatasi ikanyonyoka, nikaendelea kusugua tundu. Bibi akaingia. Hajui kusoma, lakini alichukua daftari moja akapitisha kidole gumba pale palipotoboka.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Jina."

"La nani?"

Nikakificha kile kipande kiganjani. Akaliweka chini polepole, akatoka.

Kuanzia siku hiyo hakumtaja tena. Nilimwaga maziwa, akanyamaza. Ndama alichoropoka, akanyamaza. Ungedhani ningefurahi. Niliogopa kuliko zamani. Nyumba ilikuwa kama ya matanga, isipokuwa hakuna aliyekuja kutoa pole. Bibi alianza kuacha chakula. Alikaa mlangoni akitazama shamba, na mahindi yakakomaa hivyohivyo.

Siku ya kupukuchua nikamuuliza mama, "Bibi anaumwa?"

Mama hakuinua uso. "Amefiwa."

"Na nani? Marwa hakuwepo!"

"Wewe ulikuwepo?" Punje zikaendelea kudondoka. "Nilipoletwa hapa hukuwepo. Alikuwepo Marwa tu, mdomoni mwa bibi yako. Kwa ajili yake nikaletwa, ndiyo na wewe ukaja." Akachukua hindi jingine, akaongeza kwa sauti ileile, "Na mimi sikuulizwa kama nataka kuja. Hilo nalo lijue. Usiandike insha nyingine ukaliacha."

Nilikaa na bunzi mkononi. Mama alikuwa amenipiga ngumi mbili kwa pumzi moja, na zote zilikuwa za kweli. Mpaka leo sijapata namna ya kuzipatanisha, na nimeacha kujaribu. Nimelipenda jambo lililomwumiza mama, kwa sababu bila hilo nisingekuwepo.

Kesho yake nilichukua mkaa jikoni nikaenda kwenye ukuta wa nje wa nyumba ya Bibi, uliokuwa umetoka kusilibwa kwa udongo mweupe. Nikaandika MARWA kwa herufi kubwa. Ukuta ulikuwa na mabonde. Herufi ya pili ikalala, ya mwisho ikashuka kama inayoteleza. Nikatoa kipande cha ndala nisugue, mkaa ukatapakaa, udongo ukameguka. Ukuta haufutiki kwa mpira. Nikaanza kulia kwa hasira.

Bibi akaja akasimama nyuma yangu.

"Umeandika nini?"

"Marwa."

"Imekaa vizuri?"

"Hapana, Bibi. Imepinda. Hii hapa imeanguka kabisa."

Akaikaribia, akaigusa ile iliyoanguka, vumbi jeusi likabaki kidoleni. Nilisubiri aniambie Marwa huandikaje.

"Iache," akasema. "Na yeye akosee kidogo."

Jioni hiyo alikula.

Nilidhani kwa muda mrefu kwamba Bibi alimtumia Marwa kunichapa. Nilichelewa kuelewa kwamba alikuwa anaongea naye kwa sababu alimkosa, na kwamba mimi nilikuwa nasikiliza mazungumzo ambayo hayakunihusu. Mtu aliyenileta duniani namjua sasa, mama aliniambia nilipokuwa mkubwa. Ni mtu wa kawaida, anasahau kufunga zizi. Namwamkia shikamoo tukikutana, ananiitikia marahaba, kila mmoja anaendelea na njia yake.

Kama na wewe una mtu kichwani ambaye hamwagi maziwa, labda ni kaka aliyesoma, au ni wewe mwenyewe wa mwaka kesho, sina ushauri mkubwa wa kukupa. Muulize tu swali la Bibi. Alipata wapi muda wa kukosea? Na hao unaotaka wakupende ukishakuwa sawa, waangalie kama hawajakaa mstari wa mbele tayari, na ndala yenye pengo.

Baada ya lile bango la Bomani nilikwenda nyumbani nikakiri. Bibi amezeeka, anaota jua muda mwingi. Nikamwambia panya alikuwa mimi.

"Najua," akasema. "Panya gani anakata pembe nne?"

"Sasa mbona ulitega mtego?"

"Nilitaka useme."

Amesubiri zaidi ya miaka kumi na tano. Nilikaa chini kabisa kwenye udongo, kwa mshtuko uleule wa siku ya kikao.

Herufi za ukutani zilisombwa na mvua zamani, nimeziandika upya kwa rangi, na ile ya mwisho nimeiacha ishuke. Kwenye kona ya kila bango natia sahihi Mwita Marwa. Tumbo bado linaniuma kabla ya kazi kubwa. Lakini nikikosea siku hizi, namwambia mwenye kazi siku hiyohiyo.