Spuli Nyembamba

Kamera yangu niliipata kwa bei ya mbuzi mdogo, na tangu siku hiyo nikawa mimi ndiye ninayeitumikia. Aliniuzia mtaalamu mmoja wa kigeni wa mashamba ya ngano kule Basotu, siku anafunga mizigo kurudi kwao. Ilikuwa ya macho mawili, ile unayoishika tumboni ukainama kutazama kioo cha juu. Hakuniambia, au labda aliniambia kwa Kiingereza chake cha puani nikaitikia tu, kwamba kiwanda kilishaacha kutengeneza aina ile.

Filamu yake ilizungushwa kwenye spuli nyembamba, kijiti cha chuma chenye kisahani kila upande. Spuli hizo hazikuwa zikitengenezwa tena. Filamu za madukani zilikuwa na upana uleule, ila spuli zake zilikuwa nene, haziingii. Mimi nilikuwa na nyembamba mbili: moja ya kubeba filamu, nyingine ya kuipokea. Kila nikipata filamu nilijifungia stoo ya shule pale Maretadu nilipokuwa nafundisha, nikaziba nyufa kwa magunia ya maharage, nikaihamisha kwa kupapasa gizani. Wanafunzi waliamini nakula sukari ya mgawo peke yangu.

Halafu ikabaki moja. Mfanyabiashara wa Dongobesh ndiye aliyekuwa akipeleka filamu zangu Arusha kusafishwa, na safari hiyo wasafishaji walirudisha picha, spuli wakaitupa na takataka. Nilichemka. Niliwaandikia barua ambayo leo naionea aibu. Mwenye studio wa Mbulu mjini aliigeuzageuza kamera yangu akasema, "Mwalimu, hii ilishakufa kwao. Spuli yake nikuagizie Nairobi? Utauza baiskeli." Na baiskeli sikuwa nayo.

Ningeweza kuishi bila picha, lakini nilikuwa nimepata mchumba wa kunioa. Alikuwa Mmbulu wa palepale, mkulima, mrefu, mpole kupita kiasi kwa mtu wa hasira kama mimi. Baba yangu alikuwa Kigoma, mguu wake mbovu haumruhusu safari. Nilikuwa nimemtumia picha ndogo ya mchumba, ile ya kitambulisho. Akajibu: "Hiki ni kichwa. Kila mtu ana kichwa. Nataka kumwona kwao, na watu wake. Nisipomwona, posa sipokei." Na baba akisema hapana, hata mama alikuwa hamgeuzi. Wazee wa mchumba walikuwa wamepanga kwenda Kigoma kuposa baada ya mavuno, na sikuweza kuwaacha wavuke nchi nzima wakafungiwe mlango.

Basi nikaenda mnadani kwa mhunzi wa Kibarabaig, aliyekuwa akigeuza makufuli mabovu kuwa bangili. Nilimwamkia shikamoo, nikamwonyesha spuli nene yenye filamu mpya, na ile yangu nyembamba ya kupimia, nikamwomba aisugue ile nene mpaka zilingane.

"Hii kitu kidogo hivi ni ya nini?" akauliza.

"Ya kuniozesha, baba."

Alicheka mpaka tupa ikamponyoka. Kisha akavisugua vile visahani taratibu, akipima, akipuliza vumbi, na kwa kuwa ilikuwa ya harusi akaongeza kusugua kidogo ili iteleze vizuri. Hakutaka malipo. Nilirudi nyumbani natamba.

Jumapili nikafika kwa kina mchumba. Nilijua ni familia. Nikakuta kitongoji kizima kimeoga. Safari hii filamu haikuhitaji kuhamishwa gizani, nikaipakia palepale uani, juani, nikijionyesha. Kisha tukaanza kupanga watu, na huko kuliniongezea mvi. Wazee walikaa katikati kwenye vigoda, kina mama pembeni yao, na mchumba wangu akaenda kusimama mwisho kabisa wa mstari.

"Njoo katikati," nikamwambia.

"Nikae katikati, wazee wakae wapi?"

Nikamwomba, nikamfokea, wapi. Mara kumi na moja nilipiga, na mara kumi na moja alikuwa pembeni, mara kulia, mara kushoto, ananitabasamia. Ikabaki picha moja tu. Wazee walikuwa wameshainuka kwenda kwenye pombe. Nikamwita asimame peke yake.

"Subiri kidogo, mwalimu," akasema, akarudi alipokuwa mama yake. Yule mama alikuwa na magoti mabaya, hawezi kuinuka kigodani bila msaada. Akamwinamia, mama akamshika shingo kwa mikono yote miwili. Nami nilikuwa nimeshasubiri vya kutosha siku ile. Kidole kikabonyeza chenyewe kwa hasira. Filamu ikaisha.

Picha ziliporudi kutoka Arusha nilikaa chini. Mhunzi alikuwa amevisugua visahani kupita kiasi, havikuziba tena, jua likaingia ukingoni mwa filamu pande zote mbili. Katikati wazee walionekana vizuri hata vifungo vya makoti yao. Pembeni, kulia na kushoto, palikuwa peupe kabisa, na ndani ya weupe huo ndimo alimokuwa mume wangu mtarajiwa, mara kumi na moja. Ile ya kumi na mbili alikuwepo katikati, lakini mgongo tu, na suruali yenye kiraka, na mama yake kigodani amemshika shingo.

Nililia, kisha nikacheka, kisha nikaituma hiyohiyo. Niliandika: "Baba, kichwa unacho tayari. Huu ni mgongo. Tafadhali unganisha." Baada ya kuiposti nikajuta, kwa sababu baba si mtu wa mizaha.

Majibu yalifika shuleni wiki ya mitihani. Niliifungua barua nyuma ya ghala la mahindi ili watoto wasinione. Ilikuwa fupi. Alisema uso mtu huutengeneza akijua anapigwa picha, na huyu hakujua. "Waambie wazee wake waje," aliandika. "Ila yule mama asisafiri. Magoti yake nimeyaona."