Siku Wabwile Alipofeli Salamu

Kabla kampuni haijamtengeneza, Bramwel Wabwile aliuza mbegu za mahindi katika duka moja la Bungoma mjini, na aliziuza kwa kuzisengenya. Ile inayochelewa kukomaa aliiita Mama Mkwe: inadai mbolea, haiharakishwi, inataka nafasi yake, lakini mwishowe inajaza ghala. Ile ya muda mfupi aliiita Shemeji, kwa kuwa inakuja mapema na haikai. Wakulima walicheka, na Wabwile akacheka kuwashinda, kicheko kirefu cha kupiga meza.

Kampuni kubwa ya mbegu ya Kitale ikasikia habari zake, ikamwajiri kwa ajili ya ulimi huo, kisha ikampeleka mafunzoni kuutoa.

Huko Kitale alipewa tisheti ya kijani na mwongozo. Mwongozo ulisema mbegu zina nambari, hazina majina. Kicheko kiwe cha meno, kisiwe cha sauti. Kila mkulima apewe mkono, atazamwe machoni, aambiwe, "Karibu katika familia yetu." Meneja wa mafunzo, Gikonyo, mzaliwa wa Trans-Nzoia na mtu mpole sana, alieleza kwamba mteja wa Kapenguria na mteja wa Webuye wanapaswa kumpata Wabwile mmoja. Wabwile akauliza kama huyo mmoja angekuwa yeye. Gikonyo akacheka, kwa meno.

Mwaka wa pili hakuuliza tena. Alikuwa ameweza. Shida ikahamia nyumbani, Bokoli. Jumamosi moja mkewe, Jentrix, alimwambia ng'ombe ameingia kwenye maharagwe.

"Asante kwa kutuarifu," Wabwile akasema. "Tumepokea maoni yako."

"Mmepokea wewe na nani? Baba Joy, ng'ombe bado anakula!"

Wabwile akaona hilo ni jambo la kuchekesha, akakitafuta kile kicheko cha meza. Hakikutoka. Alijaribu tena bafuni, kikatoka kitu kama kikohozi cha mgeni. Hapo ndipo alipoogopa.

Kampuni nayo ilichagua wakati huohuo kumpa cheo cha mkufunzi: ahamie Kitale, awafundishe vijana wapya kuwa kama yeye. Kilichobaki ni Gikonyo kumwona akiendesha siku moja ya wakulima, Tongaren.

"Na ukipita," Jentrix akauliza, "huyu mtu wa tisheti ndiye nitazeeka naye?"

"Ni cheo, mama."

"Cheo nimesikia. Mimi nauliza mtu."

Tongaren, Wabwile aliusema mwongozo wote bila kosa. Wakulima walimsikiliza kwa adabu ile wanayompa mhubiri mgeni, wakinywa soda ya kampuni. Kisha akashuka kuwapa mkono mmoja mmoja, Gikonyo nyuma yake akiweka alama. Alimsalimia Khisa, mteja wake wa zamani. Baada ya Khisa alikuwa amekaa mama yake Jentrix.

Kwamba mama huyu anaishi Tongaren, Wabwile alijua. Lakini mwongozo haukulitaja, na siku hizo hakuwa na desturi ya kuwaza nje ya mwongozo. Kwa Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawapeani mkono wala hawatazamani machoni. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani, na kwa kawaida si mama.

Mkono wa Wabwile ulikuwa umeshatoka. "Karibu katika fa..." Mama akajifunika uso kwa leso. Watu wakaacha soda zao.

"Wewe!" Khisa akapiga kelele. "Si huyo ni mama ya Jentrix, bana!"

Kilichofuata hakikupitia kichwani. Miguu ya Wabwile iliruka nyuma, ikaangusha bango la kampuni, ikampeleka mzimamzima ndani ya mahindi ya maonyesho. Kisha mle ndani kikasikika kicheko kirefu, cha kupiga kitu, pengine paja, kwa kuwa meza haikuwepo.

"Ni yeye!" Khisa akasema. "Na vile tulidhani mmetuletea mwingine!"

Watu wote wakaangua kicheko. Mama alingoja kitulie, kisha akasema kutoka nyuma ya leso, "Khisa, uliza huyo mtu wa mbegu, ile ya kuchelewa inapandwa aje? Namba sijashika."

Mahindi yalifikiri kidogo.

"Mwambie mama," sauti ikajibu, "inapandwa vile mimi nimesimama. Mbali kidogo, na heshima."

Somo lililobaki lilitolewa kutoka ndani ya mahindi, na hakuna aliyeondoka. Mbegu kwenye gari zikaisha.

Gikonyo aliokota bango, akalipangusa vumbi. "Umefeli salamu, umefeli majina, umefeli kicheko. Sasa niandike nini?"

"Andika nimefeli, mkubwa. Tafadhali."

Gikonyo akaandika hivyo, na kwamba arudishwe kuuza mbegu Bungoma. Alipofika mlangoni pa gari akageuka. "Na ile mbegu ya muda wa kati, huwa unaiita nani?"

"Meneja," Wabwile akasema. "Haina kosa lolote, lakini hakuna mtu huiulizia."

Gikonyo akacheka. Safari hii kulikuwa na sauti.

Wabwile akampigia Jentrix simu.

"Umepita?"

"Nimefeli."

"Yote?"

"Yote."

"Asante Yesu. Sasa kuja haraka, ng'ombe ameingia tena kwa maharagwe."

Wabwile alicheka mpaka ikabidi ashike mlango wa gari.