Maji ya Rejeta

Siku hizi nikimwona mchungaji wetu kwa mbali, navuka barabara. Jumamosi ile mimi, yeye na vijana tulitoka Moshi kwa gari langu aina ya Noah, tukapanda kwenda kambi ya maombi mlimani, juu ya Masama. Mimi ndiye mwenyekiti wa vijana wa usharika, na mimi ndiye niliyetangaza kanisani kwamba atakayeonekana na kilevi kambini atarudi Moshi kwa miguu.

Sasa, nyuma ya gari, chini ya mablanketi, nilikuwa nimeficha dumu la mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Baridi ya kule juu naijua. Kifuniko nilikikaza kwa nguvu zote, harufu isije ikaniumbua.

Tukiwa kwenye mlima mkali, nikasikia paaa!

"Tairi!" nikapiga kelele. Nikawashusha wote, nikazunguka gari nikigonga tairi moja moja. Zote nzima. Kwa kuwa sikutaka kuonekana mjinga, nikasema shida ni injini, tuombe kwanza. Vijana wakainamisha vichwa.

Mchungaji hakufumba macho. Alikuwa anatazama mlango wa nyuma, ambako povu lilitiririka hadi kwenye bampa.

"Mwenyekiti, hii nini?"

"Maji ya rejeta, mchungaji."

Akachovya kidole, akanusa.

"Rejeta yako unaitilia ulezi?"

Vijana wote wakafumbua macho. Mchungaji akanyoosha mkono nimpe funguo.

"Haya, mwenyekiti. Moshi ni kule chini."