Filimbi ya Masikioni mwa Baba Njoki

Leo soko zima la Ngoliba limekimbia kwa sababu ya masikio ya mume wangu!

Mnajua hii hali ya hatari iliyotangazwa na serikali. Filimbi ya kafyu ikilia ukakutwa nje, utapigwa na askari.

Baba Njoki akaisikia. Akatupa nyanya zangu chini, mbio! Watu kumwona, nao mbio.

Kumbe hakuna filimbi iliyolia.

Wamemtukana, wee! Yeye ameinama tu, anaokota nyanya zilizopondeka.

Nikampeleka zahanati. Dresa, yule anayetibu wagonjwa pale, akamwuliza anafanya kazi gani.

“Mashine ya mkonge.”

“Kelele yake imekuumiza masikio. Huo mlio unaousikia kama filimbi huenda usiishe, lakini huna wazimu. Kazini yazibe kwa pamba.”

Mume wangu akalia. Kumbe aliogopa wazimu.

Jioni akashtuka tena, akaniangalia. Nikatikisa kichwa: hakuna filimbi. Akaendelea kula.

Nanyi mkimwona ameshtuka, msimcheke. Tikiseni kichwa tu.