Gari la Baba, Injini ya Mama

Mwezi uliopita nilikuwa Geita kwa shughuli zangu. Nikakatiza mtaa mmoja wenye makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na ghafla nikajikuta nina hasira. Hakuna aliyenikosea. Ni ule mlio tu wa injini ya dizeli ya silinda moja, tuku-tuku-tuku, na moshi wake unaokaba koo. Nilisimama pale, mtu mzima na mkoba wangu na viatu vya heshima, nikimkasirikia baba yangu kana kwamba jambo lenyewe limetokea asubuhi ile. Ngoja nikueleze, halafu uniambie kama nakosea.

Tulikaa Tinde, nyuma kidogo ya barabara kuu. Mama alikuwa na mashine ya kusaga: chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, kinu ndani, injini nje kwenye kibanda cha bati. Unga ulikuwa kila mahali, kwenye nyusi za mama, kwenye kuku, kwenye madaftari yangu. Wanawake walikuja na ndoo na viroba vya mahindi, wakakaa kwenye benchi wakitafuna michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na kuwasema watu. Mimi kazi yangu, nikitoka shule, ilikuwa maji. Injini zile zina tangi la wazi juu yake. Maji yanachemka humo na kuondoka na mvuke, kwa hiyo lazima uwe unaongeza. Kuna kijiti chenye kiboya chekundu, na maji yakipungua kinazama. Mama alikuwa akiniambia, "Chakula chetu kiko pale penye hicho chekundu. Usikiache kizame." Nilikuwa na miaka kumi, na kiboya kile nilikitazama kuliko nilivyotazama ubao wa mwalimu.

Sasa baba. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea, na kazi yake hukuweza kuitia dosari, lakini masikio alikuwa ameyatia pamba. Mwaka ule akaamua kuunda gari. Sisemi kununua, nasema kuunda. Chesisi ya mabomba, ekseli za pikapu iliyokufa, giaboksi aliyoileta kwa baiskeli kutoka Shinyanga mjini, bodi ya mabati ya mapipa. Likasimama uani miezi minane bila injini, kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha dereva.

Kila jioni wanaume walikuja kulizunguka. Jirani yetu, dereva wa lori mstaafu, alitaka injini ya pikapu, lakini nzima haikupatikana na mbovu baba hakuitaka. Fundi pikipiki wa stendi akaleta ya bodaboda. Wakaifunga siku mbili, gari likatetemeka weee, likashindwa hata kuvuka mfereji wa maji machafu. Umewahi kuwasikiliza wanaume watatu wakijadili injini? Wanarudia maneno yale yale mpaka uji unapoa, kisha wanaomba upashwe moto. Na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mama, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi na injini kila siku ya Mungu.

Kisha baba akageuza shingo, akaitazama ile ya mama.

"Wiki moja tu, mama watoto," alisema. "Nikiona inafaa nitatafuta nyingine kama hiyo, yako nakurudishia."

Mama akamwambia mahindi ndiyo yanavunwa, na mteja akishazoea kwa mwenzako harudi. Alisema kwa upole, na hapo ndipo alipokosea, maana upole baba aliusikia kama ndiyo. Jumatatu tukaamka nyumba iko kimya.

Wiki moja ikawa tano. Siku ya kwanza ya kujaribu, hendeli ikapigwa, injini ikaitika, baba akatia gia namba moja, gari likarudi nyuma likabomoa banda la mbuzi. Akatia namba mbili, likarudi nyuma kwa kasi zaidi. Rivasi ndiyo iliyokwenda mbele. Walikuwa wameifunga injini ikitazama upande usio wake, ikawa inaizungusha giaboksi kinyume. Mama alikuwa anapepeta karanga na hakuinua hata kichwa.

"Hiyo inazungukia kushoto," alisema. "Mngeniuliza."

Ikabidi wakate kila walichochomelea, waigeuze. Ilipogeuzwa haikuenea, wakakata na chesisi. Wakati huo benchi letu lilikuwa tupu, na wale wanawake wa michembe walikuwa wanavuka barabara na ndoo zao kwenda mashine ya upande wa pili. Walikuwa wakimsalimia mama wakitazama chini. Mama akamwambia baba mbele yetu kwamba injini isiporudi kabla ya mwisho wa mwezi, yeye hana mashine tena, ana chumba cha matofali. Baba akaapa itarudi, baada ya safari moja tu, kwenda kumwonyesha bibi kule Didia.

Tulikwenda siku ya mnada. Mama alikataa kupanda, akaweka dumu la maji karibu na gurudumu. "Beba haya," alisema. Baba akacheka. Akasema injini ikiwa inatembea inapigwa na upepo, inapoa yenyewe, ile ya kwenye kibanda ndiyo inayohitaji kunyweshwa kama ng'ombe. Dereva mstaafu akatikisa kichwa kukubali, kwa ujuzi wake wote wa malori. Dumu likabaki pale chini, na hata leo nikilifikiria nasikia kizunguzungu cha hasira.

Nikuambie ukweli, lakini, gari lile lilikuwa raha. Lilikwenda polepole hata waendesha baiskeli walikuwa wakitupita na kutucheka, mabati yanapiga kelele, vumbi la pembeni linaingia mdomoni. Baba na dereva mstaafu walikaa mbele, mimi nyuma kwenye ubao, injini ikinguruma mbele ya magoti yangu. Harufu ya dizeli na ya pamba iliyorundikwa kando ya barabara ikichanganyika. Wachunga ng'ombe walitupungia fimbo, "wabeja, wabeja," asante kwa Kisukuma, kana kwamba gari tumewaletea wao.

Tulipokaribia Didia mvuke ulikuwa umepungua. Nikatazama kiboya, kilikuwa kimeshuka nusu. Nikatazama tena, kilikuwa ncha tu. Hakuna mtu kwenye gari lile aliyejua maana yake kunishinda mimi. Ila mbele yetu mnada ulishaonekana, na kwenye mnada walikuwapo wasichana wa darasani kwangu na mama zao, wale walionicheka kwamba kwetu tunakaa na gari la kutagia kuku. Nilitaka wanione. Nikajisemea, tupite tu hapa kwenye watu, kisha niseme.

Tulipita. Waliniona. Kiboya hakikuonekana tena. Injini ikagonga mara tatu, ikakaza, ikazima, na mafundi wote wa Didia waliokuja kuichungulia wakasema neno moja: imenoki.

Haikurudi tena kwenye kibanda. Mama alijaribu miezi miwili kutafuta nyingine akashindwa, akafunga chumba, akaenda Geita machimboni kuwapikia wachimbaji. Alikaa kule miaka mitatu. Mimi nikapelekwa kwa bibi, nikala michembe mpaka nikaichukia, na mama nikawa namwona Krismasi na Pasaka, ananuka moshi badala ya unga. Baba kila aliyemuuliza alimjibu vilevile: nilisahau maji, kosa langu. Nami nikaling'ang'ania kosa lake. Nimemlaumu nikiwa msichana, nimemlaumu nikiwa na watoto wangu. Hata kwenye matanga yake, miaka mitatu iliyopita, watu walipoanza visa vya gari, nilisimama nikasimulia habari ya dumu, wakacheka, nikaketi nimeridhika.

Basi kutoka Geita nilipitia Tinde kwa mama. Sijui ni ule mlio ulionisumbua au ni umri, nikamwambia yote, kiboya, mnada, wale wasichana. Alikuwa anachambua maharage.

"Najua," alisema. "Baba yako aliniambia siku ileile. Alisema ulianza kulia kabla injini haijazima. Akanisihi nisikuulize kamwe, akasema mtoto habebeshwi mambo ya injini, bora yeye aseme ndiye aliyesahau maji, mambo yaishe."

Chumba cha matofali siku hizi ni saluni. Gari liliuzwa vipande vipande, bibi ametangulia, wale wanawake wa kwenye benchi sijui hata mmoja alipo. Hayo yote nilishayazoea. Nilichokaa nacho jikoni kwa mama siku ile ni kwamba mtu niliyemfanya kichekesho msibani alikuwa amenisitiri miaka yote, na nilikuwa nimechelewa miaka mitatu kumwomba radhi. Mama akanisogezea sinia, tukachambua maharage.